Kocha Aliyesikiliza Magoti

Kocha alikuwa akitupa mgongo tulipokuwa tukikimbia. Mgeni akipita ufukweni angedhani mzee amewakasirikia wanafunzi wake, kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Alisimama kwenye mchanga mgumu karibu na maji, mikono nyuma, uso ameuelekeza milimani, na sisi tulipita nyuma yake mmoja mmoja. Tukimaliza, alitutajia makosa yetu bila kugeuka.

"Weye wa pili, uko unapiga chini sawa vile chini ilikukosea. Muguu wa kuume. Goti iko inalia, minye naisikia."

Wa pili nilikuwa mimi. Goti langu la kulia lilikuwa likiniuma tangu wiki iliyotangulia na sikuwa nimemwambia mtu, hata mama. Nilimwogopa Kocha siku ile, na nadhani ndiyo siku niliyoanza pia kumpenda.

Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari hapa Uvira, kabla ya vita vya kwanza kuingia mjini, na baadaye katika zile wiki chache za vita ambazo shule ilifungua milango. Kila mtu alimwita Kocha: padri, wauza samaki wadogo wa ndagala, hata mke wake alipomwita kula. Jina lake sitalitaja, na alikotoka sitaeleza, maana si hayo yanayonisumbua. Kinachonisumbua ni kwamba kwa miaka mingi nilisema mbele za watu kuwa ni yeye aliyemuua dada yangu. Nilisema sokoni, nilisema tukitoka misa, nilimwambia mume wangu kabla hajamaliza kuniposa. Mimi ni mtu wa kinyongo, sifichi. Leo sina uhakika tena, na kukosa uhakika kunanichosha kuliko ile hasira.

Tuanze na elimu yake, maana bila hiyo huwezi kumwelewa. Kocha aliamini kuwa goti husingiziwa. Mtu akikimbia akaumwa goti, analipaka dawa, analifunga kitambaa, analilaani, na goti halina kosa. Kosa liko kwenye hatua. Ukiurusha mguu mbali mbele yako, kisigino kinatangulia kutua, mguu umenyooka, na mwili wenyewe bado uko nyuma. Uzito wote unaukuta mguu umesimama wima, unapanda nao mpaka gotini, na hapo unapiga. Alituonyesha kwa fimbo. Aliichomeka mchangani hatua moja mbele yake, akaiegemea, fimbo ikamsukuma nyuma. Kisha akaichomeka karibu na vidole vyake, akaegemea, fimbo ikambeba.

"Munaona? Fimbo ni ile ile, muntu ni ule ule. Ni pahali tu ndiyo imebadilika."

Kwa hiyo alitufupishia hatua. Alitaka mguu utue chini ya kiuno, usiende mbele kutafuta ardhi. Alitaka hatua ndogo na nyingi, kifua kimeinama mbele kidogo tu, na sehemu ya mbele ya wayo iguse chini kabla ya kisigino. Alikuwa na bidoni ya njano ya mafuta, tupu, akiipiga kwa kijiti kutupa mwendo, na ole wako uchelewe mpigo mmoja. Bidoni ile ilisikika mpaka barabarani. Wanawake waliokuwa wakifua nguo ziwani walicheza viuno kwa mpigo wake ili kutuchekesha, na yeye alizidisha kasi kwa hasira.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Baada ya miezi minne ya bidoni, goti langu lilinyamaza. Lilinyamaza kabisa, na limenyamaza mpaka leo nikiwa mama wa watoto watano. Nalima mpunga Nyakabere, nainama na kuinuka kutwa, wenzangu wa umri wangu wanashika viuno na magoti wakisimama, mimi nasimama tu. Ni haki niliseme hilo kabla ya mengine.

Elimu hiyo hakuipata shuleni. Aliipata kwa kuwafuata wanawake. Siku za soko, wanawake walishuka kutoka Bijombo na vijiji vya milimani na maharage mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mzigo unaoweza kumtoa jasho punda, na walishuka kwa hatua fupi za haraka, wayo ukiwa chini yao daima. Kocha aliwaendea mpaka mahali njia inapoanza kuteremka, akawaacha wapite, kisha akashuka nyuma yao akitazama miguu. Unaweza kukisia ilivyoeleweka. Mume mmoja alimkamata shati pale Mulongwe na kumuuliza anatafuta nini nyuma ya mke wa mtu. Kocha alijibu kwa utulivu wote kwamba anatafuta magoti. Alipigwa kofi, na nasikia siku ya soko iliyofuata alirudi kule kule na shavu lake limevimba.

Tatizo ni kwamba alichukua kila kitu kutoka kwao, na kizuri na kibaya. Wanawake wale hushuka wamekunja magoti, wamechuchumaa nusu, basi na sisi akatukunja. Kundi lake la kwanza la wasichana, nikiwamo mimi na dada yangu, tulikimbia ufukweni kwa hatua fupi na magoti yaliyokunjwa, na wavulana wa shule walituita bata. Hilo tungelivumilia. Lakini baada ya wiki tatu nusu yetu tulikuwa na magoti yaliyovimba kuliko mwanzo.

Mama yangu ndiye aliyekata kesi hiyo. Alikuwa na shamba la mihogo juu mlimani na alikuwa amebeba mihogo hiyo tangu ujana wake. Alimwita Kocha nyumbani, akampa kiti, akampa maji, kisha akamwuliza:

"Kocha, wale bamama unabafuataka, ulibauliza?"

"Kubauliza nini, mama?"

"Kama haibaumi."

Kocha alikuwa amewatazama miezi na miezi, na hakuwa amemwuliza hata mmoja.

"Minye magoti yangu iko inaniamusha kila asubui," mama alisema. "Tunakunjaka magoti sababu mulima ni mukali na muzigo ni nzito, hatuna namna ingine. Sasa weye unakamata shida yetu unafundisha nayo batoto?"

Kesho yake alitukusanya ufukweni, akavua kofia, akasema: "Nilikosea." Sijawahi kumsikia mwalimu mwingine akisema neno hilo mbele ya wanafunzi, wala kabla wala baadaye. Alitunyoosha. Hatua fupi ilibaki, kuchuchumaa kukaondoka, na magoti yakaanza kupona, langu likiwamo. Na kuanzia siku ile, ili asirudie kosa la kutouliza, kila asubuhi kabla ya bidoni alipita mbele ya mstari na kumwuliza kila mmoja: "Inakuuma wapi?"

Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, na kosa hili hakuna aliyemwambia. Aliuliza kwa sauti, mbele ya wote, asubuhi, mara tu baada ya kutusalimu. Sisi tumelelewa vipi? Mtu akikuuliza habari asubuhi, hata kama umefiwa jana, unajibu kwanza kwamba hakuna shida, ndipo polepole, mkiwa mmekaa, unatoa ya moyoni. Kocha hakukaa. Alipita mstari mzima akipokea majibu, hakuna, hakuna, hakuna, Kocha, na alifurahi moyoni kwamba ameuliza.

Nikimwacha hapo utadhani alikuwa mtu wa busara tupu. Hapana. Alikuwa na majivuno ya ajabu juu ya treningi yake ya buluu, ambayo aliipiga pasi ya makaa mpaka suruali ikawa na mkunjo wa kukata mboga. Yeye mwenyewe hakukimbia hata siku moja. Kwenda nyumba ya tatu alipanda kinga, ile baiskeli ya kukodi, akakaa nyuma ya mwenyewe, miguu ikining'inia, akaturudisha sisi shuleni kwa mbio. Alipigania wasichana wakimbie wakati shule nyingine zilisema msichana akikimbia anaharibika, alikwenda nyumba kwa nyumba kubishana na wazazi, na binti zake mwenyewe wawili aliwapeleka kujifunza kushona na hakutaka kuwaona ufukweni. Tulipomuuliza sababu, alisema mama yao hataki. Mama yao, tulipomuuliza, alicheka mpaka akakaa chini.

Aliimba kwaya kwa sauti mbovu na kwa moyo wote. Akikasirika sana aliacha Kiswahili na kutugombeza kwa Kirundi, na wale wasiokijua waliomba watafsiriwe, na wanaokijua walikataa kwa adabu. Alikula bugali ikiwa bado ya moto wa kuunguza, mkono ukiruka, kwa sababu hakuweza kungoja ipoe. Mtu huyo huyo asiyeweza kungoja bugali alitufundisha kungoja. Hilo ndilo somo alilolirudia kuliko lote.

"Mwili hauna akili moja," alituambia. "Goti inaelewa upesi, wiki mbili tatu iko inakushukuru. Lakini ule mushipa wa kisigino ni mujinga. Ukibadilisha hatua, ule uzito hauendi mbinguni. Umeutoa ku goti, umeupeleka kule chini, ku mushipa na ku nyama ya nyuma ya muguu. Ule mushipa unataka miezi. Mukiuharakisha, utawakatalia."

Alijua, basi. Naandika hili kwa makusudi, maana wapo waliomtetea wakisema hakujua.

Dada yangu alinipita miaka miwili na kichwa kizima. Alikuwa na hatua ndefu, ndefu kweli, na watu walisimama barabarani kumtazama akipita. Ndiye peke yake ambaye Kocha hakuwa amembadilisha. Alimwacha na hatua yake kwa sababu alishinda nayo, na hata ule mwaka wa bata alichuchumaa siku mbili tu, akaambiwa arudi kwenye mwendo wake. Lakini hatua ndefu ina malipo yake. Goti lake la kushoto lilianza kuuma chini ya kile kifuniko, kisha likauma wakati wote. Kanisani alishuka ngazi upandeupande, ameshika ukuta, na wazee walimpita. Muuguzi alimwambia aache kukimbia, na dada yangu akalia siku mbili.

Alikuwa na sababu ya kulia. Kulikuwa na mashindano Bukavu baada ya mwezi mmoja, na shule moja ya huko ilikuwa ikichukua wasichana wanaokimbia vizuri, wanalala huko huko, wanasoma bure mpaka diploma ya kumaliza sekondari. Kwetu baba alikwisha kufa. Hapakuwa na njia nyingine ya dada yangu kumaliza shule, na kila mtu nyumbani alilijua hilo, na Kocha alilijua.

Akambadilisha hatua kwa wiki tatu. Yeye aliyetupa sisi miezi minne, yeye mwenye maneno ya mshipa mjinga. Asubuhi na jioni, bidoni, bidoni, bidoni. Na goti lilipona, nisidanganye. Wiki ya pili Jumapili, dada yangu alishuka ngazi za kanisa uso mbele, mikono hewani, akicheka, na mama alimpelekea Kocha sahani ya samaki wa mikeke wa kukaanga aliowanunua kwa fedha ambayo hatukuwa nayo. Nilimwona Kocha akiipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeahidiwa kitu.

Sasa niseme langu.

Tulikuwa tukilala kitanda kimoja, mimi na dada. Kuanzia wiki hiyo ya pili, kila asubuhi alipoteremka kitandani alishika ukuta. Hatua kumi za kwanza alikwenda kwa vidole, meno ameuma, mkono umeshika juu ya kisigino. Kisha mguu ulipata moto na akatembea kawaida, na alipofika ufukweni hakuna aliyeweza kujua. Nilimwuliza. Akasema mshipa umekaza kidogo tu.

"Umwambie Kocha, yaya," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

"Nikimwambia atanikalisha. Nikikaa, Bukavu imekwisha. Na weye usimwambie. Uniapie."

Nikaapa. Kocha alipita mstarini kila siku akiuliza inauma wapi, dada alijibu hakuna, na mimi niliyesimama pembeni yake nilijibu hakuna. Ningeweza kusema nilinyamaza kwa kumpenda. Kwa sehemu ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka aende Bukavu nibaki na kitanda changu peke yangu. Nilikuwa nimeshapanga hata upande nitakaolalia.

Siku nne kabla ya safari, ufukweni, dada yangu alipita nyuma ya mgongo wa Kocha kwa kasi ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwake. Kukasikika mlio mdogo, mkavu. Alisimama, akageuka nyuma kwa hasira.

"Nani ananipiga teke?"

Hapakuwa na mtu nyuma yake. Alitaka kupiga hatua, mguu ukakataa, akaanguka. Kocha hakugeuka. Bidoni ilimtoka mkononi, naye akakaa mchangani pale pale alipokuwa, bado ametupa mgongo, na ni sisi wanafunzi tuliomwinua dada.

Mshipa ulikuwa umekatika. Hospitali walimfunga mguu na kumwambia angoje. Hakungoja sana, kwa sababu wiki iliyofuata vita viliingia mjini.

Wasiokuwapo huuliza kwa nini hatukujiandaa. Tulisikia mizinga upande wa Bonde, kaskazini ya mji, siku kadhaa, tukazoea, na asubuhi moja ikawa si mbali tena. Watu wote wa mtaa wetu wa Nyamianda walitoka kwa wakati mmoja kushika barabara ya kusini, ziwa mkono wa kushoto, milima mkono wa kuume, katikati watu, mbuzi na magodoro. Mama alikuwa na mdogo wetu wa mwisho mgongoni. Mimi nilibeba sufuria na unga. Dada alikuwa na fimbo, na kwa fimbo ile tulikuwa hatuendi. Ndipo Kocha alipotokea, treningi yake ya buluu, bila mke wala watoto. Alikuwa amewatanguliza na kurudi kinyume cha watu wote, kumtafuta mwanafunzi wake.

"Mama, endeni na batoto. Huyu ni wangu."

Alichuchumaa, dada akapanda mgongoni, mama akawafunga kwa kitenge kama mtoto anavyofungwa. Nilimtazama Kocha akiondoka. Alikuwa akienda kwa hatua fupi za haraka, magoti yamekunjwa, kama wale wanawake wa Bijombo. Kwa muda tulikuwa pamoja. Kisha bomu la kwanza likaanguka ziwani, watu wakakimbia, na umati ukatutenganisha.

Yaliyobaki aliyasema mwenyewe jioni, mahali tulipolala, akiwa amesimama mbele ya mama. Walipoipita bandari ya Kalundu magoti yake yalikataa. Alianguka naye, akainuka, akaanguka tena. Dada alimwambia amweke chini. Alimweka penye ukuta wa nyumba, akakaa naye, akimwomba kila apitaye amsaidie kubeba. Hakuna aliyesimama, na siwalaumu. Bomu lingine likaanguka barabarani. Yeye lilimwacha mzima.

Mama hakupiga kelele. Alimwuliza ni wapi hasa. Akaeleza: ukipita kidaraja, nyumba ya pili ya mabati, upande wa ziwa, chini ya dirisha. Alieleza polepole, mara mbili, ili asikosee. Baada ya siku kumi na tano tulimkuta pale pale aliposema, amefunikwa na watu tusiowajua, na tulimzika karibu na hapo. Kocha alichimba. Kutoka siku ile sikumsemesha tena kwa miaka saba.

Vilikuja vita vya pili, na miaka ya askari hawa na askari wale. Magoti ya Kocha hayakupona. Alitembea ameachanisha miguu, akiyumba, na wale wavulana wa zamani walioitwa watu wazima sasa walisema kwa sauti ya chini kwamba tabibu wa magoti amekosa dawa yake. Shule haikulipa mtu. Yeye akaanza kushona viatu Nyamianda, na kukata kandambili za matairi. Wateja walisema ukimpa kiatu anakigeuza kwanza, anatazama soli ilikolika, kisha anakugombeza juu ya mwendo wako kabla ya kutaja bei. Wanawake wanaobeba mizigo walimpenda, kwa kuwa aliwakatia soli nene mbele na nyepesi nyuma, na alikuwa akiwauliza. Aliwakalisha kwanza kwenye kiti, akawapa maji, akawaacha wazungumze ya mvua na ya bei ya mafuta, ndipo akawauliza inawauma wapi. Nilihadithiwa hayo na jirani yangu wa Nyakabere, aliyekuwa akishuka mjini kuuza mchele. Niliyasikia nikakasirika upya. Nilijiambia kwamba amejifunza kuuliza wakati aliyestahili kuulizwa ameshakufa.

Niliolewa Bonde, huko Nyakabere, nikawa nakuja mjini mara chache. Nilipita mbele ya kibanda chake mara tatu na kujifanya simwoni. Aliniona mara zote tatu. Mara ya nne ilikuwa adhuhuri, karibu na mwisho wa vita vya pili, mvua ikanyesha ghafla nikiwa hapo hapo mbele yake, na kibaraza kilikuwa kimoja tu. Nikaingia. Alikuwa amezeeka vibaya. Aliniwekea kiti na kumwaga maji kwenye kikombe, akaniuliza watoto, mpunga, mume. Nikajibu yote kwa neno moja moja. Mvua haikupungua.

"Nina kitu nataka kukuuliza," alisema mwishowe. "Niko nayo myaka mingi. Kama hautaki, usijibu."

"Uliza."

"Dada yako, kabla ya siku ile. Ule mushipa ulikatika tu mara moja? Ao ulianzaka kumuuma kabla? Asubui, akiamuka. Weye na yeye mulikuwa munalala pamoja." Alikuwa na kiatu cha mtu mapajani, sindano imebaki katikati ya ngozi. "Kama ni mara moja, ni bahati mbaya, inaweza kufikia kila muntu. Kama ulikuwa unamuuma, basi ni minye sikuona. Nataka kujua ni gani."

Nilikuwa na jibu la uongo mdomoni. Lilikuwa tayari, na lilitufaa sisi wote wawili: mara moja tu, Kocha, ghafla. Angepumua, nami ningerudi Nyakabere kama nilivyokuja. Lakini nilikuwa nimemwita muuaji kwa miaka saba, sokoni na kanisani, na yeye alijua, na alinipa kiti. Nikaona aibu ambayo sijaipata tena.

"Wiki mbili," nilisema. "Kila asubuhi. Alikuwa anashika ukuta. Nilikuwa naona. Aliniapisha nisikuambie, na nikanyamaza."

Nilimweleza mpaka ya kitanda. Yote. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza alikuwa bado ameinama. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze.

"Ungenambia," alisema polepole, "ningemupumuzisha."

"Najua."

"Siku hiyo hiyo ningemupumuzisha. Safari ingekufa, basi. Angekuwa na muguu."

"Najua, Kocha."

Nikalia. Hakunibembeleza. Alichomoa sindano, akashona pindo zima la kiatu kile, akakata uzi kwa meno. Mvua ilikuwa imeanza kupungua na watu walirudi barabarani. Nilisimama nikachukua mfuko wangu, na ndipo aliponishika mkono, yeye ambaye hakuwahi kumshika mwanafunzi.

"Kaa kidogo. Nimekudanganya. Singemupumuzisha. Hata ungenambia kila asubui, ningesema ni mushipa umekaza tu, utapata moto. Ile Bukavu, minye nilikuwa naitaka kuliko yeye. Usibebe ile kitu. Ni yangu."

Nilimtazama usoni nijue. Nilimtazama sana. Alikuwa ameshageukia kiatu kingine.

Miezi michache baadaye nilisikia amekufa, malaria, nyumbani kwake, na habari ilinifikia Nyakabere akiwa ameshazikwa. Sijamwita muuaji tena, na wanaonikumbusha nilivyokuwa nikisema nawaomba wanyamaze. Lakini aliniambia maneno mawili siku ile ya mvua, kwamba angempumzisha na kwamba asingempumzisha. Moja alilisema kwa sababu ni kweli na lingine kwa sababu alinihurumia, na sijui lipi ni lipi. Kila asubuhi nikiteremka kitandani nasimama bila maumivu yoyote, najiuliza, na hakuna aliyebaki wa kunijibu.